Mandari Bila Ngano: Kumfungia Chakula Mwenye Siliaki, Kuanzia Sokoni Hadi Ufukweni

Mara ya kwanza tulipokwenda mandari na mdogo wangu baada ya kugundulika ana siliaki, ugonjwa unaofanya ngano imdhuru mtu tumboni, nilimfungia kibakuli chake peke yake: mayai mawili ya kuchemsha, ndizi mbivu na kipande cha muhogo. Sisi wengine kumi na mmoja tulizunguka sinia pale Kigamboni tukala chapati, sambusa na kuku. Yeye alikaa ukingoni mwa mkeka, kibakuli mapajani, na kila aliyemkaribisha alimjibu, "Nimeshiba, asante." Hakuwa ameshiba. Na usiku ule tumbo lilimsumbua vilevile, kwa sababu kisu kilichogawa chapati zetu ndicho nilichokatia muhogo wake.

Tangu siku hiyo nafanya kinyume. Simfungii yeye chakula chake. Nafunga chakula anachoweza kula, tukale sote. Kwetu watu wa Pwani kula ni kuzunguka sinia moja, na anayekula peke yake pembeni anahisi ametengwa hata kama hakuna aliyemtenga. Isitoshe, ngano ikiwa haipo kabisa mkekani, hatari karibu yote imeondoka. Wali, nazi, samaki, muhogo, ndizi, mahindi, kunde, matunda: hakuna hata kimoja chenye ngano kwa asili yake. Kazi iliyobaki ni kuvilinda visiguswe na ngano njiani, toka gunia la dukani hadi mkono wa mtoto aliyetoka kula andazi.

Tunachokikwepa

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba wenyewe, na vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza virutubisho husinyaa na kulala. Ndipo huja kuharisha, tumbo kujaa, uchovu, upungufu wa damu, mifupa kudhoofika, na kwa watoto kudumaa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kwamba ngano ndiyo inayowaumiza wagonjwa hawa. Mpaka leo tiba ni ileile: kuacha gluteni maisha yote. Hakuna kidonge cha kumeza kwanza ndipo ule keki ya harusi.

Kuhusu kiasi, watu wengi hawaamini mpaka waelezwe kwa tarakimu. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula viitwavyo Codex, bidhaa inayoandikwa kuwa haina gluteni haitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa kilo moja. Wataalamu wengi huchukua miligramu 10 kwa siku nzima kuwa mpaka ambao wagonjwa wengi huvumilia. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni kama gramu 2, yaani miligramu 2,000. Kigawe kipande hicho mara 200. Sehemu moja tu tayari ni kiasi cha siku nzima. Kwa hiyo "kidogo tu hakidhuru" si neno la kumwambia mwenye siliaki. Chenga zilizobaki kwenye ubao wa kukatia zinatosha kumrudisha nyuma, hata kama siku hiyo hatahisi lolote.

Neno moja kwa anayesoma akijishuku mwenyewe: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta alama za kinga ya mwili kupambana na gluteni, na ukishaacha kuila kwa muda majibu yanaweza kuja safi wakati ugonjwa upo. Nenda hospitali kwanza, mwambie daktari unachoshuku, ndipo ubadilishe chakula.

Hatua ya kwanza: mpigie simu mwenyewe

Siku tatu kabla ya safari, muulize anakula nini na hali nini. Kuna ambao maziwa pia huwasumbua hasa mwanzoni, kabla utumbo haujapona. Kuna wanaoweza kula oti na wasioweza, na oti za kawaida mara nyingi huwa zimechanganyika na ngano tangu shambani na kiwandani, kwa hiyo mimi siziweki kabisa. Mweleze unachopanga kupika na mwache akuulize maswali mengi. Usiyachukulie kama dharau kwa mapishi yako.

Wapigie na wanaokuja wengine. Waambie waziwazi: mandari hii haina ngano, asije mtu na maandazi, sambusa, keki wala biskuti. Anayetaka kuchangia alete matunda, madafu, soda au barafu. Watu wakielezwa mapema hukubali; wakiambiwa wameshafika na ndoo ya maandazi waliyotoka nayo nyumbani kwao, huona haya, na haya ndiyo huzaa "basi nitayaweka hapa pembeni."

Hatua ya pili: sokoni

Kanuni yangu ya sokoni ni moja: punje huoshwa, unga hauoshwi.

Angalia maduka ya nafaka ya Kariakoo. Magunia yamepangwa bega kwa bega, unga wa ngano hapa, mchele pale, unga wa dengu katikati, na koleo moja linatoka gunia hili kuingia lile. Mchele uliopata vumbi la ngano utauchagua, utauosha maji matatu na hatari itapungua sana. Unga uliopata vumbi hilo umeshaharibika kwa mgonjwa wako na huwezi kuujua kwa macho. Kwa hiyo nanunua mchele, kunde na karanga zikiwa nzima, tena kwa muuza mchele mtupu nikimpata, halafu kusaga nasaga nyumbani.

Mashine za kusaga za mtaani ni jambo la kuangalia kuliko yote. Mama aliyetangulia kwenye foleni huenda kasaga unga wa lishe wenye ngano ndani yake, na wako unafuata mlemle. Unga wa lishe wenyewe uogope hata ukiwa kwenye pakiti nzuri: mchanganyiko wake hutofautiana, na aghalabu ngano imo pamoja na ulezi, mahindi na soya. Ukihitaji unga wa sembe nunua pakiti iliyofungwa, ya kiwanda kisichosaga ngano kama unaweza kujua hilo.

Viungo nunua vizima: bizari nyembamba, hiliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Vilivyosagwa tayari vinaweza kuongezwa unga ili vijae. Hing, ile inayotumika kwenye mapishi ya Kihindi, mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, iache dukani. Vidonge vya supu na sosi soma pakiti kila ununuapo, hata kama uliisoma mwezi jana. Maneno ya kutafuta kwenye lebo za Kiingereza ni "wheat", "barley", "rye", "malt" na "semolina", ambayo kwetu ni suji. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja; hapo ndipo mishikaki mingi isiyo na kosa lingine inapoharibika.

Neno kimea linachanganya watu. Kimea cha ulezi au mtama, kama kile cha togwa ya nyumbani, hakina gluteni, maana ulezi na mtama hazina. Kimea cha shayiri kinayo, nacho ndicho kilichomo kwenye bia nyingi, kwenye vinywaji baridi vya kimea na kwenye vinywaji vingi vya unga vya kuchanganya na maziwa. Ukiona kimea kwenye pakiti bila kutajwa ni cha nafaka gani, chukulia ni shayiri.

Hatua ya tatu: jikoni, usiku wa kuamkia safari

Siku hiyo hapasukumwi chapati nyumbani, hata asubuhi. Unga wa ngano huelea hewani na kutua juu ya vyombo vyako vilivyokwisha oshwa. Futa meza kwa maji na sabuni, badilisha kitambaa, osha sufuria na vifuniko vyake pamoja na ile mikunjo ya ukingoni.

Vyombo vya kutenga kabisa ni vile visivyosafishika. Mwiko wa mbao uliosonga na kukoroga miaka mitano umenyonya kila kitu. Nunua mpya, bei yake ni ndogo. Ubao wa kukatia hali kadhalika. Chujio lililowahi kuchekechea unga wa ngano halisafishiki kwenye vile vitundu. Kikaango cha chapati kilichoganda mafuta meusi kiache kipumzike. Sufuria za alumini au chuma laini, vijiko na visu vya chuma, bakuli za kioo, hivyo vikisuguliwa vizuri havina neno. Dodoki tumia jipya.

Mafuta ya kukaangia yawe mapya, yametoka kwenye chupa. Moto hauui gluteni. Hiki si kijidudu. Mafuta yaliyokaanga maandazi jana yanayo gluteni leo, hata yachemke namna gani.

Ninachopika

Nguzo ya kapu langu ni mkate wa kumimina, kwa sababu unachukua nafasi ya mkate na keki kwa pamoja, unakatika vipande, na ukipoa unasafiri bila kumwagika. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi chuja, saga kwenye brenda pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, hiliki na kijiko kimoja cha chai cha hamira, mpaka ukigusa kwa vidole usisikie chembe. Funika, uache uumuke mpaka utoe mapovu juu; kwa joto la Dar es Salaam saa moja mara nyingi inatosha. Tia sukari nusu kikombe au zaidi kidogo, na ute wa yai moja uliopigwa, koroga taratibu. Pasha sufuria iliyopakwa mafuta, mimina, funika, moto mdogo chini. Ukianza kushika pembeni weka makaa juu ya mfuniko au uhamishie kwenye oveni mpaka uso uwe wa kahawia. Uache upoe kabisa ndipo ukate, ukikata wa moto unakatika vibaya na kutoa unyevu utakaouchachusha njiani.

Nasisitiza usage mwenyewe kwa sababu wapishi wengi siku hizi huongeza konzi ya ngano, kwenye mkate huu na kwenye vitumbua, ili vishikane. Niliwahi kununua vitumbua kwa mama mmoja mtaani, nikamuuliza, akaniambia ni vya mchele, naye hakunidanganya kwa nia mbaya. Kwake ile konzi ilikuwa kama chumvi tu, si kitu cha kutaja. Kwa hiyo usiulize "ni vya mchele?" Uliza "umetia nini humu, kimoja kimoja?"

Samaki nawafuata Feri alfajiri, changu au kibua, nakausha maji, natia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na pilipili niliyotwanga. Kama tutachoma hukohuko, nawabeba wabichi kwenye barafu pamoja na majani ya mgomba. Wavu wa kuchomea wa kukodi umepitiwa na mengi. Ukitandika jani la mgomba juu yake, samaki hagusani nao, na harufu inayotoka ni ya kwetu hasa. Samaki wa kununua aliyekaangwa tayari simchukui, maana wapo wanaowapaka unga kabla ya kuwatumbukiza.

Muhogo nachemsha kwa tui, mkavu mkavu, ili uliwe kwa mkono. Kachumbari naibeba vitu vikiwa vizima nikatie hukohuko. Mayai ya kuchemsha yabaki na maganda yake, hakuna kifungashio bora kuliko hicho. Karanga nakaanga mwenyewe kwa chumvi. Zile za dukani zenye gamba la unga ni ngano. Kunde za nazi nikiwa na muda. Matunda ya msimu: nanasi, tikiti, machungwa, na embe zikifika Novemba kila mtu na lake.

Vitu vya kuviacha nyumbani hata kama vinafanana na vya salama: kababu, ambazo wengi huzishikiza kwa mkate uliolowekwa, bajia na kachori za kununua, maana unga wa dengu huongezwa ngano na karai huwa la sambusa, urojo, ambao kwa kawaida hukolezwa uzito kwa unga wa ngano, tambi, visheti na kaimati. Kaukau za muhogo na ndizi zinafaa ukizikaanga mwenyewe.

Hatua ya nne: kufunga

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kazi hii hilo limetusaidia, kwa sababu bakuli lenye mfuniko wa kubana linalinda chakula kuliko mfuko wowote. Kila chakula na bakuli lake, kila bakuli na kijiko chake ndani yake. Kijiko kinachozunguka ndicho kinachobeba balaa.

Joto letu ni adui wa pili baada ya ngano, na nimeona watu wakiwa waangalifu sana na gluteni halafu wakamlisha mgonjwa wali uliochacha. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na siku ya jua kali inayozidi nyuzi 32 kisizidi saa moja. Cha moto kiende kwenye hotpoti kikiwa kinafuka mvuke. Cha baridi kikae kwenye boksi la barafu lenye chupa za maji ulizogandisha tangu jana, zikiyeyuka mnakunywa. Samaki mbichi chini kabisa, wamefungwa wasivuje. Tui huchacha haraka, basi muhogo uliopikwa kwa tui ufungwe mwishoni na uliwe mwanzoni.

Kwenye kapu la ukindu la juu panga hivi: kanga mbili safi, moja ya kutandika na moja ya kufunikia, kisu na ubao mpya, sinia na sahani za nyumbani kwako, kidumu cha lita tano cha maji, sabuni ya kipande, taulo. Sabuni na maji ni lazima. Ile dawa ya kupaka mikononi huua vijidudu, lakini gluteni haifi wala haiondoki, inasambazwa tu kiganjani.

Funga kitambaa cha rangi moja, chekundu kwa mfano, kwenye mshikio wa kapu, na uwaambie wote kwamba ndani ya kapu lenye kitambaa chekundu hakiingizwi kitu kingine chochote. Mpwa wangu wa miaka sita ndiye askari wake. Hakuna biskuti iliyowahi kupita.

Hatua ya tano: njiani

Hesabu foleni. Kivuko cha Magogoni siku ya Jumapili, au Barabara ya Bagamoyo kwenda kwenye boti za Mbudya kule Kunduchi, zinaweza kula saa moja na nusu ya muda wako wa chakula. Mimi hutoka saa moja asubuhi na chakula cha moto nakipika mwishoni kabisa. Kapu unalipakata au unaliweka miguuni. Ukilipeleka nyuma ya gari chini ya mizigo, litawekewa mkate wa mtu juu yake.

Hatua ya sita: mkekani

Chagua kivuli mbali na meza ambazo watu walishakula. Tandika kanga yako safi, kisha kila mtu anawe kwa sabuni, watoto wakitangulia, na ukiwanawisha angalia kucha. Ninyi nyote mkiwa hamjaleta ngano, hatari iliyobaki ni wachuuzi na majirani wa ufukweni. Mtoto akitoka kununua andazi, alile hukohuko, anawe, ndipo arudi.

Mgonjwa apakue wa kwanza, hata kama kuna mkubwa kuliko yeye. Kwa desturi zetu hili lina ugumu, mwombe mzee radhi mapema, mweleze sababu, naye atakuwa wa kwanza kusema, "Mwache mwanangu aanze."

Vya kununua hapo ufukweni vipo vinavyofaa. Dafu, kwa kuwa panga lake halikati kingine. Hindi la kuchoma lililogusa makaa tu, na ndimu na chumvi yenu wenyewe. Mihogo ya kukaanga ya Coco Beach ni tamu na muhogo hauna gluteni, lakini simama kwanza uangalie karai: kama kuna kingine chochote kinachotumbukizwa humo, au kuna bakuli la unga pembeni, mpite. Aiskrimu iwe ya kikombe. Koni ni ngano.

Kisha kuna wale wanaopita na sahani, jirani mkarimu wa mkeka wa pili anayesema, "Onja tu, hata kidogo." Usimwachie mgonjwa kazi ya kukataa kila mara, anachoka na anaonekana mwenye maringo. Pokea wewe, shukuru, sema, "Huyu daktari kamkataza ngano, lakini tunakushukuru sana," kisha mpe na yeye kipande cha mkate wa kumimina. Sijawahi kuona mtu akiondoka kakasirika.

Ikiwa kosa limetokea

Mwambie palepale. Usinyamaze ukitumaini hatadhurika, kwa sababu akijua ataelewa kinachomsumbua usiku na hatahangaika kutafuta sababu nyingine. Hakuna dawa ya kuifuta gluteni iliyokwisha mezwa. Apumzike, anywe maji kidogo kidogo, na kama anaharisha apewe maji ya ORS. Akitapika mfululizo, akilegea au akishindwa kushika maji tumboni, apelekwe kituo cha afya. Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uone ilipoingilia: mara nyingi ni kisu, mwiko au pakiti iliyosomwa nusu.

Mkirudi

Osha vyombo vilivyotengwa usiku huohuo kwa dodoki lake, uvianike mbali na vingine. Mwiko wangu nimeuchoma alama kwa msumari wa moto kwenye mpini, na unaning'inia nyuma ya mlango, hausongi ugali wa kawaida wala haukorogi uji wa lishe wa watoto. Vipande vya mkate wa kumimina vilivyokaa vizuri kwenye barafu nampa mdogo wangu aondoke navyo, maana chai ya asubuhi ya Jumatatu, watu wote wakiwa na maandazi, ndiyo saa inayomwia ngumu zaidi.